Namna ya kuchagua mashine ndogo za kuchaji kwa kazi za ufundi

Fundi anayefunga dari ya jipsamu katika nyumba ya vyumba vitatu hukaza skrubu mamia kwa mamia mikono ikiwa juu ya kichwa, na kila skrubu humdai ainue upya uzito uleule. Kwa miaka mingi kazi hiyo niliifanya kwa drili ya kuchaji ya volti 18 yenye betri kubwa, ambayo kwa jumla ilizidi kilo mbili, kwa kuwa niliamini kwamba mashine nzito ndiyo mashine ya kazi. Siku moja huko Ilazo, jioni ya siku ya pili ya kufunga dari, vidole vya mkono wangu wa kulia vilishindwa kufunga vifungo vya shati. Kijana niliyekuwa naye, ambaye siku zote hizo mbili alitumia drili fupi ya volti 12 yenye uzito wa kilo moja hivi, alikuwa amefunga bodi nyingi kuliko mimi, na aliondoka pale akiwa mzima. Nilimwomba anipe ile drili yake niishike, na ndipo nilipoanza kujifunza haya ninayoyaandika hapa.

Utaratibu ninaoufuata sasa, na ninaowafundisha vijana ninaofanya nao kazi hapa Dodoma, ni wa kutazama kazi kwanza, kisha betri, na mashine yenyewe mwisho. Wengi huanzia kwenye mashine, kwa sababu ndiyo inayong'aa kwenye kabati la duka, na baadaye hugundua kwamba wamejifunga kwa betri isiyowafaa.

Kazi iliyo mikononi mwako

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari na kwa wiki mbili andika kila aina ya tundu unalotoboa na kila aina ya skrubu unayokaza: unatoboa kitu gani, kwa kipenyo gani, mara ngapi kwa siku, ukiwa umesimama au umepanda ngazi, na kama umeme ulikuwapo mahali hapo. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kwetu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimesambaa kuelekea Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, na si mara moja fundi hufika kwenye kiwanja ambacho ukuta umesimama lakini nguzo ya umeme bado haijafika, kwa hiyo hutegemea jenereta au waya mrefu kutoka kwa jirani. Mashine ya kuchaji hukuondoa katika utumwa huo, lakini kwa zile kazi tu ambazo betri inazimudu.

Fundi wa madirisha ya aluminiamu akisoma daftari lake ataona kwamba sehemu kubwa ya matundu yake ni ya milimita 3 hadi 5, kwa ajili ya ribiti na skrubu, tena katika aluminiamu nyembamba. Kwa kazi hiyo drili ndogo ya volti 12 inatosha kabisa. Fundi umeme naye, anayefunga masanduku ya swichi na kukaza vituo vya nyaya, hahitaji zaidi ya hapo. Seremala anayefunga milango ya mninga au mkongo yuko mahali pengine: mbao hizo ni ngumu, skrubu za bawaba ni nene, na asipotanguliza tundu dogo la kuongoza skrubu atakata vichwa vya skrubu hata akiwa na mashine ya bei ghali kiasi gani. Huyu anahitaji drili yenye gia mbili, kwa sababu gia ya kwanza, inayozunguka polepole, ndiyo yenye nguvu ya kusokota.

Kwenye kuta hapana budi kutofautisha vitu viwili. Tofali za saruji hutobolewa bila taabu kwa drili ndogo yenye kugonga, ukitumia biti, yaani chuma cha kutobolea, ya milimita 6 au 8. Lenta, ile mihimili ya juu ya milango na madirisha, na nguzo za zege ni jambo jingine. Drili ya kawaida ya kugonga hutegemea sahani mbili zenye meno zinazorukiana ndani ya mashine, kwa hiyo nguvu ya pigo hutoka kwenye bega lako: usipoegemea, haigongi. Mashine inayotumia biti za SDS, mfumo ulioanzishwa na Bosch mwaka 1975, ina pistoni inayosukumwa na hewa iliyobanwa, na pistoni hiyo ndiyo inayopiga huku wewe ukiishika na kuielekeza tu. Nimewaona vijana wakining'inia juu ya drili ndogo dakika kumi kwa tundu moja la lenta, biti imegeuka nyekundu na betri haishikiki kwa joto, ilhali mashine ndogo ya SDS ya volti 18 ingemaliza tundu hilo kwa muda mfupi sana. Ikiwa daftari lako linaonyesha zege kila wiki, usijidanganye kwamba drili moja itafanya yote.

Kwa grinda naomba tufanye hesabu, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumizwa. Grinda ya kuchomeka kwa waya ya milimita 115 huandikwa kati ya wati 700 na 900. Tuseme grinda ya kuchaji inavuta wati 600 tu inapokata nondo. Betri kubwa ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Gawanya 90 kwa 600, utapata saa 0.15, yaani dakika tisa za kukata mfululizo. Kwa kukata bolti mbili juu ya paa, dakika tisa ni nyingi, na mashine hiyo itakuokoa. Kwa kukata nondo za msingi kutwa nzima, baki na waya na jenereta.

Kusoma betri

Betri za mashine hizi ni za lithiamu, na ndani yake mna seli zilizopangwa kwa mfuatano. Kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli tatu hutoa volti 10.8 kwa hesabu ya kawaida, na 12.6 zikiwa zimejaa. Seli tano hutoa 18, na 21 zikijaa. Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba mashine iliyoandikwa 10.8 na ile iliyoandikwa 12 ni za daraja moja, na kwamba 18 na 20 nazo ni daraja moja. DeWalt, kwa mfano, mashine zilezile huziuza Marekani kwa jina la volti 20 na Ulaya kwa jina la volti 18. Usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya volti mbili ambazo ni za maandishi tu.

Mbaya zaidi ni zile mashine za bei ya chini zinazoandikwa 48VF, 88VF au hata 288VF. Hizo si volti. Ukizifungua utakuta seli tano, au kumi zilizopangwa safu mbili za tano tano, yaani betri ya daraja la 18 kama nyingine. Sisemi kwamba kila mashine ya namna hiyo haifanyi kazi, lakini anayeanza kwa kukudanganya kwenye lebo hanipi sababu ya kumwamini kuhusu waya, gia na swichi nisizoziona.

Namba ya pili ni ampea-saa, ambayo peke yake haisemi mengi. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, kwa kuwa hicho ndicho kipimo halisi cha kazi iliyohifadhiwa ndani. Betri ya 10.8 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 21.6, ya 18 yenye ampea-saa 2 ina 36, ya 18 yenye ampea-saa 5 ina 90. Betri yenye wati-saa nyingi ni nzito, na hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Kama kazi zako zote ni za ndani, yaani dari, makabati, aluminiamu na umeme, chukua daraja la 12 bila wasiwasi. Kama unagusa zege au mbao nene, chukua daraja la 18 lakini katika mwili mfupi, kisha nunua betri za ukubwa mbili: ya ampea-saa 2 kwa kazi za juu ya ngazi na ya 4 au 5 kwa kazi za chini. Mimi binafsi naona huu wa pili ndio uamuzi bora kwa fundi anayeanza, kwa sababu betri zilezile zitaingia kwenye mashine ya SDS atakapoimudu.

Kila kampuni ina mdomo wake wa betri, kwa hiyo betri ya kwanza unayonunua inakuchagulia familia ya mashine zote zitakazofuata. Uliza kwanza kama familia hiyo ina mashine ya SDS, msumeno wa mviringo na taa, hata kama leo huvihitaji. Epuka vile vipande vya kuunganishia betri ya kampuni moja na mashine ya nyingine. Vingi hupitisha chanya na hasi peke yake na kuziacha nyaya za ulinzi, kwa hiyo mashine haijui kwamba betri imekwisha na huendelea kuinyonya mpaka seli zinakufa.

Mashine yenyewe

Mota ziko za aina mbili: za kaboni, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na zisizo na kaboni. Mota ya kaboni hupoteza sehemu ya nguvu kwa msuguano, hutoa cheche na hula kaboni zake, lakini kaboni hubadilishwa na fundi yeyote kwa fedha kidogo. Mota isiyo na kaboni hufanya kazi nyingi zaidi kwa betri ileile na mwili wake ni mfupi, ila kadi yake ya elektroniki ikiungua, huna cha kutengeneza isipokuwa kubadilisha kadi nzima. Kwa mashine unayoishika kila siku, lipia isiyo na kaboni. Kwa ile unayoigusa mara mbili kwa mwezi, ya kaboni haina aibu.

Drili na impakti ni vitu viwili tofauti, ingawa zinafanana kwa sura. Drili husokota mfululizo na ina klachi, ile pete yenye namba, ambayo huachia skrubu ikishafikia mkazo uliouchagua. Impakti hukaza kwa kupiga nyundo za kuzunguka ndani yake, kwa hiyo huendesha skrubu ndefu bila kukusokota kiwiko, nayo ni fupi na nyepesi. Kwa kuunga kenchi, yaani fremu za mbao za paa, na kupigia papi, zile mbao zinazoshika bati, sina mashine ninayoipenda kama impakti. Lakini kwenye bati za msauzi natumia drili yenye klachi, au naachia kitufe mapema, kwa sababu impakti hupiga skrubu mpaka mpira wa chini ya kichwa unapasuka, na nyumba itavuja mvua za kwanza za Desemba wakati wewe umeshalipwa na kuondoka.

Namba ya nguvu ya kusokota, inayoandikwa Nm, isikutie kiwewe. Drili ndogo za daraja la 12 huwa na 30 hadi 40 hivi, na za daraja la 18 fupi 50 au 60, nazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za umaliziaji. Mdomo unaoshika biti ukiwa wa milimita 10 unatosha. Wa milimita 13 utafute ikiwa unatumia biti nene za mbao.

Ukiwa dukani

Ombeni mashine ifungwe betri iliyochajiwa, na mwenye duka akikataa, nendeni duka jingine. Funga biti ndefu na nyembamba, zungusha polepole na utazame ncha yake kwa utulivu: ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, mdomo umepinda na matundu yako yatakuwa mapana. Bonyeza kitufe kidogo kidogo. Mzunguko uanze taratibu na kuongezeka bila kurukaruka. Achia ghafla, isimame papo hapo. Sikiliza gia kama zinasaga. Baada ya hapo inua mashine na betri yake juu ya kichwa, kana kwamba unafunga dari, na uhesabu mpaka sitini. Hiki ndicho kipimo ambacho wauzaji hushangaa nikikifanya, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Ulizia kaboni, swichi na mdomo wa akiba vinapatikana wapi. Ikiwa jibu ni Kariakoo, si vibaya, kwa kuwa kipuri kilichotumwa kwa basi leo hufika kesho. Ikiwa jibu ni ukimya, iache mashine hiyo.

Kuhusu betri bandia niseme yaliyonipata. Nilinunua betri ya volti 18 iliyoandikwa ampea-saa 5, yenye lebo safi na rangi sahihi, kwa bei iliyokuwa chini ya kawaida. Siku ya kwanza ilikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Nilipita kwa mama mmoja auzaye maharage, akaniruhusu niiweke kwenye mizani yake pamoja na betri yangu ya zamani ya ampea-saa 2. Zilikuwa karibu sawa, zote chini ya gramu 400. Betri halisi ya ampea-saa 5 yenye seli za kawaida, zile za milimita 18 kwa 65, huwa na seli kumi na huwa na uzito wa zaidi ya gramu 600. Nilipoifungua ile yangu nilikuta seli tano na nafasi tupu. Duka halikuipokea, kwa sababu sikuwa na risiti. Siku hizi ziko seli nene zaidi zinazobeba umeme mwingi zikiwa chache, kwa hiyo mizani si ushahidi wa mwisho, lakini betri nyepesi yenye namba kubwa ni ya kuhojiwa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa, na ukiuziwa bandia peleka malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa nayo mkononi.

Mashine zinazoletwa na ndugu kutoka nje zina mtego wake. Umeme wetu ni wa volti 230, na chaja nyingi za Marekani zimeandikwa 120 peke yake. Kichwa cha kubadilishia plagi hubadilisha umbo la meno tu, hakishushi volti. Fundi mwenzangu alichomeka chaja ya namna hiyo na moshi ulitoka kabla hajaondoa mkono. Soma maandishi ya nyuma ya chaja: yawe 220 hadi 240, au 100 hadi 240. Vilevile mwambie ndugu huyo kwamba betri za akiba husafiri kwenye mkoba wa ndani ya ndege, na kwamba zinazozidi wati-saa 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Ile ya 90 inapita. Ya volti 18 na ampea-saa 6 ina 108, haipiti bila ruhusa.

Joto na vumbi la hapa kwetu

Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma haina mvua ya kutegemewa, upepo ni mwingi, na vumbi jekundu huingia kila mahali penye tundu la hewa. Vumbi la jipsamu ni baya zaidi, kwa kuwa hushika unyevu na kuganda ndani ya swichi. Kila jioni puliza matundu ya mota kwa kompresa ukiishika mbali kidogo, au hata kwa pampu ya baiskeli, ukiwa umevaa miwani na barakoa, na usiifute mashine kwa maji.

Betri huogopa joto kuliko kazi. Stoo ya bati inayopigwa na jua la Oktoba, au gari lililofungwa vioo, huzipunguzia umri hata kama hazitumiki. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache ipoe kivulini kwanza. Chaja nzuri zenyewe hukataa na kumulika taa mpaka ipoe, kwa hiyo usidhani imeharibika. Usiiweke siku nyingi ikiwa tupu; kama unasafiri mwezi mzima, iache ikiwa nusu. Isikae wazi ndani ya mfuko wenye misumari, kwa sababu msumari mmoja ukigusa chanya na hasi unaweza kuwasha moto. Unayechajia kwenye sola, tumia inveta inayotoa wimbi safi, maana zile za wimbi la ngazi huzichosha na kuziunguza chaja.

Mwisho wa yote, ukishafika nyumbani na mashine yako, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike chini ya kila betri namba yake na tarehe uliyoinunua, kisha uzitumie kwa zamu. Betri namba moja ikianza kukwisha mapema kuliko namba mbili, utaliona jambo hilo ukiwa bado na muda wa dhamana na risiti yako ikiwa bado inasomeka. Nayo risiti hiyo ipige picha siku hiyohiyo, kwa kuwa wino wake hufifia ndani ya miezi michache.